Jicho la Nani? Askari Mla Rushwa Kutoka Los Angeles Hadi Nairobi, na Sisi wa Kanda ya Ziwa

Wasomaji wenzangu, katika mijadala yetu ya fasihi kuna mtindo ambao binafsi umenichosha. Ikiletwa mezani kazi yoyote inayomsawiri askari polisi mla rushwa, swali la kwanza na la mwisho huwa ni hili: je, msanii ameakisi hali halisi ya jamii? Mmoja anasimama, anatoa mfano wa trafiki, darasa linacheka. Mwingine anaongeza wa kubambikiwa kesi, darasa linacheka tena. Kisha tunaandika kwenye daftari "dhamira: rushwa" na kwenda kula. Yaani uhakiki wetu unaishia pale ambapo kila kondakta wa daladala ya Kisesa anaanzia. Kondakta hahitaji shahada kujua kwamba kuna askari wanaokula.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali jingine ambalo ni la fani kabla halijawa la maudhui: tunapotazama hadithi ya askari mchafu, tunatazama kwa jicho la nani? Ninadai kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua tutamwonea nani huruma na nani tutamsahau, hata kama msanii mwenyewe ana nia njema kabisa. Nitatumia kazi mbili. Ya kwanza ni tamthilia ya runinga ya Marekani, The Shield, iliyorushwa kuanzia 2002 hadi 2008. Ya pili ni filamu ya Kenya, Nairobi Half Life, ya mwongozaji David "Tosh" Gitonga, iliyotoka 2012. Najua wapo watakaosema hizo si fasihi. Sawa, lakini wenzangu hao hao wakitoka maktaba ndizo wanazotazama hadi saa nane za usiku, na mimi nimeamua kuhakiki kile tunachokula, siyo kile kilichoandikwa kwenye orodha ya chakula.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Katika riwaya pendwa ya Kiswahili mpelelezi ni mtu msafi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyekutana naye katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), wala si askari. Ni raia mwenye kiko na akili nyingi. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alitupa Inspekta Wingo. Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) alitupa Willy Gamba, mtu wa serikali anayepigana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Uchafu uko nje: kwa wauaji, kwa makaburu, kwa vibaraka. Dola ni safi na mtu wake ni safi. Hata michezo yetu ya runinga ya tangu miaka ya 1990, na filamu za Bongo zilizofuata, kwa sehemu kubwa zimemtumia askari kama kufuli: anatokea dakika tano za mwisho na pingu mkononi, hadithi inafungwa, twende nyumbani. Sisemi ni vibaya. Nasema hatukujenga mazoea ya kumtazama askari kama mhusika mwenye tumbo, mwenye ada za watoto, mwenye hofu. Kwa hiyo alipokuja huyo wa Los Angeles alitukuta hatuna kinga.

The Shield ilibuniwa na Shawn Ryan, na chimbuko lake ni kashfa ya kweli ya kituo cha Rampart, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo askari wa kikosi cha kupambana na magenge waligundulika kuwa wao wenyewe ni genge. Mhusika mkuu ni mpelelezi Vic Mackey, aliyechezwa na Michael Chiklis. Anaongoza kikosi maalumu cha watu wachache katika wilaya ya kubuni iitwayo Farmington. Anapiga watuhumiwa, anagawana mapato na wauza dawa za kulevya, na mwishoni mwa sehemu ya kwanza kabisa anampiga risasi ya uso askari mwenzake ambaye angetoa siri za kikosi. Mtazamaji ameonywa mapema. Hakuna anayeweza kusema hakujua.

Sasa, pamoja na onyo hilo, nini kilitokea hosteli kwetu? Tulikuwa watu saba au wanane kwenye kompyuta moja, sizoni nzima kwenye flashi. Kufikia sizoni ya tatu Mackey alikuwa ndugu. Akimkamata mbakaji na kumvunja mkono, shangwe. Akitoroka mtego wa wakubwa zake, shangwe kubwa zaidi. Na sizoni ya tano alipoingia mchunguzi wa ndani wa polisi, Kavanaugh, ambaye kisheria ndiye yuko upande wa haki, chumba kizima kilimchukia. "Huyu naye kimbelembele," mwenzangu mmoja alisema, na tukamwitikia. (Kavanaugh anachezwa na Forest Whitaker, yule yule aliyecheza Idi Amin katika The Last King of Scotland mwaka 2006. Labda watu wa Kanda ya Ziwa tulikuwa na sababu yetu ya ziada ya kutompenda.)

Kwa nini tulifanya hivyo? Wengi watasema kwa sababu Mackey "anafanya kazi", anakamata. Mimi nasema tuangalie kamera. Kamera ya The Shield haisimami kwenye miguu mitatu. Inabebwa mkononi, inatikisika, inakimbia nyuma ya Mackey kama mbwa nyuma ya mwindaji. Tunaingia chumbani anapoingia yeye. Mara nyingi tunamwona mtuhumiwa kwa mara ya kwanza pale tu Mackey anapomwona. Akishatoka, nasi tunatoka, na aliyepigwa anabaki sakafuni, hatujui aliamkaje, nani alimpeleka hospitali, mama yake alisema nini. Halafu tunakwenda na Mackey nyumbani kwake, tunamkuta ana watoto wawili wenye usonji, ana bili, mkewe anaondoka. Huruma ni kitu kinachofuata maelezo, bwana. Ukipewa nyumba ya mtu mmoja tu, utamhurumia huyo huyo.

Hapa naomba kuleta kipimo cha nyumbani. Mimi ni wa Bujora, na anayeijua Bujora anajua ile makumbusho ya Wasukuma iliyoasisiwa na Padri David Clement, na anajua mashindano ya ngoma ya Bulabo mwezi Juni. Jamii zetu za ngoma ni mbili, Bagalu na Bagika, zinazojihesabu kutoka kwa waganga wawili walioshindana, Gumha na Ngika. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana kuna nyoka, kuna fisi, kuna vituko vya kila aina, na ndiyo maana vilevile wachezaji wanasifika kwa dawa ya mvuto. Mtazamaji anaweza kukiri kabisa kwamba wale wengine wanacheza vizuri zaidi huku miguu yake ikimpeleka upande huu. Kipimo hicho nakiheshimu, lakini kina jambo moja ambalo wazee wetu hawakulificha: wingi wa watu unathibitisha nguvu ya dawa, hauthibitishi kingine chochote. Dawa ya The Shield ni ile kamera. Kavanaugh hakuwa nayo, basi.

Kwa haki ya waandishi wake, mwisho wa tamthilia ni mkali. Mackey anapata kinga ya kutoshitakiwa kwa kukiri kila kitu, rafiki yake Ronnie anatiwa pingu kwa dhambi walizofanya wote, Shane anaiua familia yake na kujiua mwenyewe, na Mackey anaishia kwenye meza ya ofisi, suti imembana, akiandika ripoti. Wahakiki wengi wameusifu mwisho huo kama hukumu. Nami naukubali, ila ni hukumu iliyotolewa katika sehemu ya 88. Sehemu 87 kabla yake tulikuwa ndani ya gari lake.

Nairobi Half Life imegeuza gari hilo. Hapa jicho ni la mwizi. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano kwa kuzicheza mwenyewe mbele ya wateja. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ile ile ya kwanza, na kabla jua halijachwa vizuri yuko mahabusu, analazimishwa kusafisha choo ambacho sitakieleza hapa. Humo anakutana na Oti, aliyechezwa na marehemu Olwenya Maina, na kupitia Oti anaingia kwenye genge la kuiba vipuri vya magari, kisha magari yenyewe. Mchana mazoezi ya tamthilia ukumbini, usiku wizi. Filamu hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwakilisha Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka 2012. Lugha yake ni Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza vikipigana vikumbo, jambo ambalo peke yake linastahili makala nyingine.

Niliitazama mara ya kwanza kwenye kibanda umiza pale Kisesa. Tulicheka sana kwenye choo. Tulicheka Mwas alipomuiga shujaa wa sinema. Baadaye askari, ambao si wageni kabisa na mapato ya mitaa ile, wanawakamata vijana na hawawapeleki kituoni. Wanawapeleka mahali pa kuwamalizia. Kibanda kilinyamaza. Na katikati ya ule ukimya mtu mmoja wa nyuma akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Si wezi hao? Wamekoma."

Sauti ile imenisumbua kuliko filamu yenyewe. Kwa sababu filamu ilikuwa imefanya kazi yake yote: imetupa kijiji cha Mwas, imetupa mama yake, imetupa ndoto yake na mapenzi yake kwa Amina. Bado mtu yule hakuvutwa. Mwanzoni nilimwona hana moyo, lakini mtu yule huenda ameibiwa baiskeli, au ng'ombe. Na filamu, ukiitazama upya, haikumpa yeye mahali pa kukaa. Wenye magari yanayoibwa ni sura zinazopita. Vilevile askari wenyewe: nimeitazama mara nne na siwezi kukutajia jina la askari hata mmoja, wala kukuambia anaishi wapi au anadaiwa na nani. Gitonga amewapa bunduki na kauli mbaya. Alichofanya The Shield kwa waliopigwa, Nairobi Half Life imekifanya kwa wanaopiga. Mchezo ni ule ule wa nani apewe nyumba na nani aachwe sakafuni.

Ipo hatari ya kusema haya, kwamba nitaonekana nataka mizani ya duka, gramu kwa gramu. Sitaki. Mandhari ya mwisho ya Nairobi Half Life, Mwas akipanda jukwaani mbele ya watazamaji wasiojua ametoka kwenye damu gani, ni mojawapo ya miisho bora niliyowahi kuona katika filamu ya Afrika Mashariki. Sisi wa kibandani tunajua, wale waliokaa ukumbini hawajui, na tofauti hiyo ndiyo inayochoma. Nasema tu kwamba kati ya jicho la askari na jicho la mwizi kuna jicho la tatu ambalo sanaa yetu haijalitumia, na kwamba lipo tele katika habari zetu.

Chukueni kauli mbili ambazo kila msomaji wa magazeti ya Tanzania anazijua kwa moyo: "majibizano ya risasi" na "wananchi wenye hasira kali". Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tungeziita fomula. Ya kwanza ina wahusika wake wa kudumu, majambazi sugu na askari shupavu. Ina mtiririko wake, majambazi walianza kurusha risasi, askari wakajibu. Ina mwisho wake, walifariki wakiwa njiani kupelekwa hospitali. Fanani ni polisi, hadhira ni taifa. Ni hadithi fupi iliyokamilika.

Januari 2006 hadithi hiyo ilisimuliwa Dar es Salaam kuhusu watu wanne. Majambazi, tuliambiwa. Baadaye tume iliyoongozwa na Jaji Musa Kipenka ilionyesha vinginevyo: watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, na wa nne alikuwa dereva teksi. Waliuawa katika msitu wa Pande. Mahakama Kuu iliwaachia huru askari walioshitakiwa mwaka 2009. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kunyongwa. Mwaka huo huo wa 2016, mwezi Juni, nchini Kenya aliuawa wakili Willie Kimani pamoja na mteja wake, mwendesha bodaboda aliyethubutu kumshitaki askari aliyempiga risasi. Waliuawa watatu. Wa tatu alikuwa dereva teksi. Julai 2022 askari watatu na mtoa habari wao mmoja walipatikana na hatia.

Dereva teksi, mara mbili. Hakuwa na madini, hakuwa na kesi. Alikuwa na gari na abiria waliokubaliana bei. Aliuawa kwa sababu aliona, au kwa sababu angeweza kusema alichoona. Nikiulizwa mhusika gani amekosekana katika sanaa ya Afrika Mashariki kuhusu polisi, nitamtaja huyu. Si shujaa, si mhalifu, si hata raia mwema wa vitabu vya uraia. Ni mtu aliyekuwa kazini.

Huku kwetu tungekuwa na la kusema juu ya hilo mapema kuliko wengi. Mwaka 1976 kulifanyika operesheni ya polisi na usalama wa taifa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kufuatia mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Watu wengi walikamatwa, waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Mwinyi akaja kuwa Rais mwaka 1985. Tukio hili linafundishwa, tena vizuri, kama mfano wa uwajibikaji wa kiongozi. Lakini hebu ulizeni tena swali langu: hiyo ni hadithi kwa jicho la nani? La waziri. Waliokufa ni sababu ya yeye kujiuzulu, kama vile watuhumiwa wa Farmington walivyo sababu ya Mackey kuonyesha misuli. Mzee mmoja wa ukoo wetu, akifika kwenye mwaka ule katika masimulizi yake, huruka moja kwa moja hadi mwaka wa mavuno mazuri ya pamba. Nimemsikia akiruka hivyo zaidi ya mara moja, na simlaumu.

Baada ya miaka michache, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na mwizi aliyepelekwa kituoni alikuwa akirudi kijijini kabla ya aliyemkamata. Watu wakachukua pinde na mishale, wakaweka viongozi wao, wakipiga mwano kijiji hiki kinaitika kile. Serikali ya chama ikawaunga mkono, sheria ikaja kuwatambua baadaye. Ndipo sungusungu nao, baadhi yao, wakaanza kutesa vikongwe na kuwafukuza kwa tuhuma zile zile za uchawi. Sijui kama kuna waandishi wa The Shield ambao wangeweza kubuni msuko mzuri kuliko huu: jamii inamkimbia askari mchafu, inatengeneza askari wake yenyewe, na ndani ya miaka michache inamkuta askari mchafu amekaa kibarazani kwake akila ugali wake. Huyo jina lake tunalijua, nyumba yake tunaijua. Ni mjomba.

Wenzangu wawili waliosoma rasimu ya makala haya walinipa pingamizi. Mmoja alisema natukana jeshi zima. Hapana. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, alipigwa risasi na kufa hapa Mwanza, na kifo hicho nacho sijaona tamthilia iliyokigusa. Askari aliyeuawa na raia aliyeuawa wote tumewaachia taarifa ya habari ya saa mbili. Pingamizi la pili lilikuwa la busara zaidi: nani atakubali kazi kama hiyo itengenezwe? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, mwaka ule ule, na inamtaka mtengenezaji aombe kibali na kueleza hadithi yake kabla hajawasha kamera. Ni kikwazo, sikatai. Ila naona tumekitumia kama kisingizio pia, maana riwaya haihitaji kibali cha kuwasha kamera, na riwaya hiyo nayo haipo.

Ingekuwa mimi, ningeanzia kwenye kijiwe cha teksi, tuseme Kisesa sokoni, siku ya gulio. Abiria watatu wanauliza bei ya kwenda mjini, dereva anataja, wanapunguza, anakubali kwa shingo upande kwa sababu mafuta hayatoshi na mchana umekuwa mbaya. Kamera ibaki kiti cha mbele kulia, isitoke hapo. Defenda ya polisi itakapotokea kwenye kioo cha nyuma, tuione ikiwa ndogo kwanza, kama anavyoiona yeye. Nani atakubali kuvaa sare na kushuka kwenye ile Defenda, hilo nawaachia wenzetu wa Sanaa za Maonyesho.